Maswali ya Wasomaji: Redio ya Gari Isiyoshika Vituo

SWALI: Miezi miwili iliyopita niliondoa redio iliyokuja na gari langu, nikafunga mpya yenye kioo cha kugusa. Tangu siku hiyo, vituo vya FM nilivyokuwa nikivipata vizuri husikika pale tu ninapokuwa karibu na mnara wa kurushia matangazo. Nikisogea kilomita chache, vinamezwa na mvumo kama wa mvua juu ya bati. Muziki kutoka kwenye simu unasikika bila dosari. Fundi aliyeifunga anasema redio hii ni mbovu na kwamba ninunue nyingine. Je, nimsikilize?

JIBU: Usinunue chochote kwa sasa. Maelezo yako yenyewe yamekwisha kutoa nusu ya jibu, kwa sababu muziki wa simu ukisikika safi, basi spika ni nzima na redio inapata umeme wa kutosha. Kilichopungua ni mawimbi yanayoifikia, na kwa kuwa yalipungua siku ileile ya kubadilisha redio, lililo jema ni kuchunguza kwanza kile kilichoguswa siku hiyo.

Kinachonitia shaka zaidi ni waya mmoja mwembamba wa buluu. Wimbi la FM katika masafa ya MHz 100 lina urefu wa mita 3, na fimbo inayolinasa vizuri huwa robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Magari mengi ya siku hizi hayana tena fimbo ndefu namna hiyo. Yana antena fupi juu ya paa, au nyaya nyembamba zilizopachikwa kwenye kioo, na ili kufidia upungufu huo watengenezaji huweka kikuza mawimbi kidogo ndani ya kitako cha antena au kando ya kioo. Kikuza hicho huhitaji umeme wa volti 12 kutoka kwenye redio. Kisipoupata, hakiishii kuacha kukuza tu, bali hugeuka kizuizi, na mawimbi machache yanayopenya ndiyo hayo unayoyasikia ukiwa chini ya mnara.

Redio nyingi zinazonunuliwa madukani hutoa umeme huo kupitia waya wa buluu tupu, ilhali ule wa buluu wenye mstari mweupe ni wa kuwashia amplifaya ya nje. Mafundi wenye haraka huuona waya huo wa buluu tupu kuwa hauna kazi, kwa kuwa redio huwaka bila huo, wakaufunga utepe na kuusukuma nyuma ya deshibodi. Mwombe fundi aitoe redio, aiwashe upande wa FM, kisha apime kwa mita ya umeme kati ya waya huo na bodi ya gari. Akipata volti 12 kwenye waya ambao haujaunganishwa popote, ugonjwa umejulikana. Katika baadhi ya magari umeme hupita ndani ya waya uleule unaoleta mawimbi kutoka kwenye antena, na hapo inahitajika adapta maalumu ya kuuingiza. Asije akarahisisha mambo kwa kuunga kikuza kwenye umeme wa kudumu wa betri, maana kitaendelea kunyonya hata gari likiwa limezimwa.

Ikiwa gari lilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako FM huanzia MHz 76, angalia pia kama kile kifaa cha kubadilisha masafa kilichokuwa kimefungwa kwa ajili ya redio ya zamani bado kimo njiani. Redio mpya inayofika MHz 108 yenyewe haikihitaji, nacho kitavihamisha vituo kutoka mahali pake.

Hayo yote yakiwa sawa, lipo jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote cha kupimia. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, chukua waya wa kawaida wa sentimita 75, ingiza ncha yake iliyochunwa katikati ya tundu la antena, na upande mwingine uutoe nje ya dirisha. Vituo vikirudi, kosa liko kwenye antena au waya wake, na mara nyingi ni kutu chini ya kitako, pale kinapotakiwa kugusana na bati la gari. Visiporudi hata ukiwa mahali pa wazi, basi neno la fundi wako litakuwa na uzito, ingawa ilimpasa kulipima kabla ya kulisema.

SWALI: Redio yangu hushika vituo vizuri asubuhi, lakini nikichomeka chaja ya simu inaanza kukwaruza. Je, antena imeharibika?

JIBU: Antena yako ni nzima, inapokea hata usichokitaka. Chaja nyingi za bei nafuu hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zisipokuwa na kichujio kizuri huwa kama mnara mdogo wa kelele ndani ya gari. Kamera za kwenye kioo na taa za LED zilizoongezwa baadaye zina tabia hiyohiyo. Kwa kuwa umeshaitambua chaja, ibadilishe, na nyaya zake zisilazwe sambamba na waya wa antena.

Wenye kelele ambayo haina chanzo cha wazi namna hii wazime injini na kuacha redio ikiwaka. Kelele ikikoma, inatoka kwenye injini: mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta huelekeza kwenye alteneta, yaani mashine ya kuchaji betri, na mdundo wa tik-tik unaofuata kasi ya injini huelekeza kwenye plagi za injini na nyaya zake. Mluzi ukisikika hata kwenye muziki wa simu, uache mfumo wa antena kabisa, kwa kuwa unaingia kupitia nyaya za umeme za redio yenyewe, na waya unaounganishwa na bodi ndio wa kwanza kukazwa.