Awe ametumwa kweli

Mhariri, mmeuliza kama nchi iliyo vitani inafanya vyema kumteua ofisa wa jeshi kuwa balozi. Nasema inafanya vyema iwapo imemtuma. Ikiwa imetafuta tu pa kumweka, hapo nakataa.

Chukueni kisa cha Admirali William Leahy. Mwishoni mwa 1940 Ufaransa ilikuwa imeshaanguka, serikali ya Marshal Pétain imehamia mji wa Vichy, na Rais Roosevelt wa Marekani akihofia manowari za Kifaransa zisije zikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Akamteua Leahy, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini la Marekani hadi 1939, awe balozi wake huko. Leahy alizijua meli, na mzee Pétain alikuwa mwanajeshi mwenzake, ilitarajiwa wangesikilizana. Alifika Januari 1941, Marekani yenyewe ikiwa bado haijaingia vitani. Aprili 1942 akafiwa na mkewe hukohuko. Mwezi uleule Pierre Laval, mwanasiasa wa Kifaransa aliyetaka kushirikiana na Wajerumani, akarudi madarakani, Roosevelt akamwita Leahy nyumbani, na Julai akamfanya mnadhimu wake mkuu. Huyo alikwenda na kazi inayojulikana, na aliporudi akakaa karibu zaidi na aliyemtuma.

Sasa Valerii Zaluzhnyi wa Ukraine. Ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi Urusi ilipovamia Februari 2022. Novemba 2023 aliandika hadharani kwamba vita vimekwama, na ofisi ya rais ikampinga. Tarehe 8 Februari 2024 akaondolewa. Mwezi mmoja baadaye jina lake likapelekwa London kuombewa ridhaa ya kuwa balozi huko. Mei akaruhusiwa kuacha jeshi kwa sababu za kiafya, Julai akaanza kazi.

Kituo chenyewe sikilaumu. Uingereza ilitoa vifaru 14 vya Challenger 2 na imefundisha makumi ya maelfu ya askari wa Ukraine. Mtu anayeomba makombora, naye amewahi kuyahesabu yaliyobaki usiku wa mashambulizi, ana uzito ambao mwanadiplomasia wa kawaida hana. Kinachonitia shaka ni mfuatano wa tarehe zile. Ukiusoma unaona mtu anasogezwa kando, kisha anatafutiwa cheo.

Hapa Tanzania tumezoea kuona majenerali wakipewa ubalozi, tena nchi ikiwa na amani, na watu wanaendelea na shughuli zao. Vitani ni tofauti, maana kuna askari waliobaki mahandakini wakimwona kamanda wao anaondoka. Hao wana haki ya kuambiwa, siku ileile ya uteuzi, amekwenda kuomba nini, na kama rais bado anamsikiliza.