Jibu: Wazuiaji watano wapya, tuogope?

Mkuu, umeuliza kama timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, inaweza kuanza msimu na wazuiaji watano (wale wa mbele wanaomkinga mrusha mpira) ambao hawajawahi kucheza pamoja na bado ikafika mbali. Inaweza. Kansas City Chiefs wa 2021 ni ushahidi. Februari mwaka ule Tampa Bay waliwachapa 31-9 kwenye Super Bowl, yaani fainali, mrusha mpira wao Mahomes akikimbizwa mechi nzima, kwa sababu wazuiaji wake wa pembeni, Fisher na Schwartz, wote walikuwa majeruhi. Machi wawili hao wakaachwa. Akaja mzuiaji Thuney, mwenzake Orlando Brown Jr. akatoka timu ya Ravens, na kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu, wakamchukua senta (mzuiaji wa katikati) Creed Humphrey raundi ya 2 na Trey Smith raundi ya 6. Raundi ya 6, mkuu! Safu nzima mpya, na wakamaliza 12-5, yaani ushindi 12 na vipigo 5.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni zile wiki za mwanzo. Bengals mwaka 2022 walisajili wazuiaji watatu wazoefu, na bado mrusha mpira wao Burrow aliangushwa mara 7 mechi ya kwanza dhidi ya Steelers, kisha mara 6 dhidi ya Dallas. Walikuwa hawajazoeana. Walinzi wa wapinzani wakipishana ghafla ili kumfikia mrusha mpira, senta na jirani yake lazima wajue bila kuambizana nani anamfuata nani, na hilo haliji mazoezini peke yake. Baadaye walitulia, wakashinda mechi 12.

Kwa hiyo nakuomba usiwahukumu vijana wetu kabla ya mechi ya tano hivi. Ukiona senta anabadilishwa kila wiki, hapo nami nitaogopa pamoja nawe.