Jibu: Pink Floyd watarudi pamoja?

Mkuu, umeuliza kama Roger Waters, mpiga besi, na David Gilmour, mpiga gitaa, wa bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd, watapanda tena jukwaa moja. Nami nimelitamani hilo miaka mingi, ila sioni njia. Waters alijitoa 1985, akaenda mahakamani kuzuia wenzake wasitumie jina la bendi, na uhasama ule haujapoa.

Walau walipiga tena pamoja kwenye Live 8, tamasha la kupinga umaskini, Hyde Park, London, tarehe 2 Julai 2005. Tafuta video uitazame mpaka mwisho: nyimbo zimekwisha, Gilmour anataka kuondoka, Waters anamwita kwa mkono, wote wanne wa bendi wanakumbatiana mbele ya umati. Hapo machozi hunilengalenga kila mara. Richard Wright, mpiga kinanda, alifariki Septemba 2008, na bila vidole vyake, hata wakipatana, kwangu haitakuwa Pink Floyd ile.

Kama kiu yako ni nyimbo zao za mwanzo zikipigwa laivu, mfuatilie mpiga ngoma Nick Mason. Tangu 2018 ana bendi inayozipiga, na mwaka 2019, New York, Waters mwenyewe alipanda jukwaani akaimba nao wimbo mmoja.