Mrehani umestawi kwa urea, mafuta mbona machache?

Pole, ndugu. Umesema tuta la urea limetoa majani mapana, lakini ukiyakeneka, yaani ukiyatoa mafuta kwa mvuke, kila kilo inatoa mafuta machache kuliko ya tuta la samadi.

Mafuta ya mrehani hukaa kwenye vifuko vidogo juu ya ngozi ya jani. Lichukue jani juani, ulitazame kwa kioo cha kukuzia: utaviona kama vitone vinavyong'aa. Urea ni mbolea ya naitrojeni, na naitrojeni ikizidi, jani hutanuka upesi na kujaa maji, vifuko vikabaki vimeachana mbali. Ila kabla hujailaumu urea, pima mafuta ya tuta zima. Majani yakiwa mengi sana, jumla yake huweza kulipita tuta la samadi.

Mimi ningechanganya. Weka samadi iliyooza kilo 2 kwa mita ya mraba, wiki mbili kabla ya kupandikiza. Iwe imepoa na hainuki mkojo. Mbichi huunguza mizizi. Wiki tatu baada ya kupandikiza, ongeza urea gramu 5 kwa mita ya mraba, uifukie sentimita 5 kisha umwagilie. Ukiiacha juu, naitrojeni hupotea hewani kama gesi ya amonia.

Usirudie urea karibu na kuvuna. Kata mrehani wakati maua yake yamechanua, asubuhi umande ukishakauka. Wengi hukata mapema kwa kuvutiwa na ubichi wa majani, na hapo mafuta hayajafika kiwango chake, hata mbolea ikiwa sawa.