Je, kumfilisi jirani sokoni ni fat-hi?

SWALI: Asalaam alaykum, Shehe. Mimi na mshirika wangu tuna duka la nafaka. Tumeshauriwa tuliteke soko kwa kuuza mchele chini ya bei tuliyonunulia hadi jirani yetu afunge duka, kisha tupandishe bei. Mshirika wangu anasema hata Mtume (S.A.W.) aliiteka Makka, na kwamba kushinda ni kushinda, iwe katika siasa, biashara au elimu. Je, hoja hii ni sahihi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hoja ya mshirika wako si sahihi, na kosa lake linaanzia kwenye neno lenyewe. Qur'ani haikusema kuteka, imesema fat-hi, yaani kufungua, na katika asili hiyo ndimo lilimotoka jina la Suratul Fatiha na neno miftahu, ufunguo. Tena aya ya kwanza ya Suratul Fat-hi, "Hakika tumekufungulia ufunguzi ulio dhahiri", iliteremka mwaka wa 6 Hijria, Waislamu wakirejea kutoka Hudaybiya, mahali karibu na Makka, ambako hapakupiganwa vita. Walikuwa wapatao 1,400, wamezuiwa kufanya umra, na katika mkataba wa amani Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi wa Makka, amekataa hata yasiandikwe maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Sayyidna Umar, ambaye moyo wake ulikuwa umejaa uchungu, alimuuliza Mtume kama huo nao ni ushindi, akajibiwa: ndiyo.

Imamu Zuhri alieleza sababu yake: vita vilipositishwa, watu walipata amani, wakakutana na kuzungumza, na wengi wakasilimu. Katika muda huo ndipo Khalid bin Walid na Amr bin Al-Aas walipoingia katika Uislamu, na mwaka wa 8 Hijria Mtume aliiendea Makka akiwa na watu 10,000. Baada ya kuingia humo, ufunguo wa Al-Kaaba ukiwa mkononi mwake na jamaa zake wakiutamani, alimrudishia Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiushika tangu zama za Jahiliya, na kizazi cha ukoo huo kinaushika mpaka leo. Mwanasiasa anayeshinda uchaguzi kisha akawanyang'anya wenzake kila dhamana asijifananishe na Fat-hi Makka.

Kuhusu elimu, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba baadhi ya mateka wa vita vya Badri wasiokuwa na mali ya kujikomboa walifanyiwa fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Walioshinda waliwakalisha watoto wao mbele ya walioshindwa ili wasome, wala hawakuona haya.

Sasa nirudi dukani kwako. Imamu Malik amepokea katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi, kwamba Sayyidna Umar alimkuta Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu sokoni, akamwambia ama apandishe bei ama aondoke katika soko lao. Wako wanaoishia hapo, lakini katika mapokezi ya Imamu Shafii, Umar baadaye alimwendea Hatib nyumbani kwake, akamweleza kwamba ile haikuwa hukumu bali alitaka kheri kwa watu wa mji, basi na auze atakavyo. Kwa hiyo, ukiuza rahisi kwa sababu umenunua rahisi au umeridhika na faida ndogo, hakuna wa kukulaumu, hata kama wateja wa jirani watahamia kwako.

Ulichokieleza wewe ni kitu kingine. Hasara hiyo mnaibeba kwa makusudi ili mtu mmoja afilisike, kisha wanunuzi walipe gharama yake mtakapobaki peke yenu, na Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Haijuzu kwako kuingia katika mpango huo. Mwambie mshirika wako kabla shehena nyingine haijafika, na mchele mlio nao muuze kwa bei iliyo na faida ya halali. Wallahu a'lam.