Kabla hujainua tuta, angalia udongo wako unakunywa maji kwa kasi gani

Mleta mada, pole sana kwa hasara. Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu ana nusu eka Mkuranga, kichanga kitupu, na kisima kifupi pembeni. Mwishoni mwa Desemba aliinua matuta ya sentimita 30 kama alivyoona wakulima wa Lushoto wakifanya, akajaza samadi ya kuku, akahamishia miche ya chainizi na nyanya. Siku ya tisa majani yameungua kingo, na mingine imelala kabisa. Anauliza aongeze maji au abadilishe mbegu, na wachangiaji wawili wamemwambia akolezee urea.

Mkuu, urea usiweke. Mbegu nazo hazina kosa. Nalima mboga kwenye mchanga kama huo huo, Pwani hii hii, tangu 2013, na yaliyokukuta yamenikuta yote mawili: tuta la kuinuka wakati wa kiangazi, na samadi ambayo haijaiva.

Nianze na tuta. Kazi ya kuinua tuta ni kuyatoa maji. Kule Lushoto ni milimani, kuna ubaridi na udongo mzito unaoshika maji, kwa hiyo tuta likiinuka mizizi inapata hewa. Kichanga chako hakina maji ya kutoa. Ukikiinua mwezi wa kwanza, jua linakikausha juu na upepo unakikausha ubavuni, na maji unayomwaga asubuhi yanateremka moja kwa moja chini, mizizi michanga isiyafikie tena. Yanateremka pamoja na mbolea, ndiyo maana hata ile uliyoinunua kwa hela yako huioni kwenye majani.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nasawazisha tuta kwa reki, bibi mmoja jirani yangu, Mzaramo, akapita na ndoo yake kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama kuangalia. Akaniambia, "Mwanangu, mchanga huu kiangazi hauinuliwi, unazamishwa. Nenda kaangalie mchicha wangu." Nikaenda. Matuta yake yalikuwa kama masinia, yamezama chini ya njia, kingo zimeshindiliwa kwa mguu, na saa tisa mchana udongo ulikuwa bado unashikana mkononi. Yangu yalikuwa yameshageuka vumbi tangu saa nne.

Sasa pima ya kwako. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena na uangalie saa. Yakizama ndani ya dakika chache, hapo ni kuzamisha. Yakikaa masaa, hapo ni kuinua. Fanya hivyo sehemu tatu nne za shamba, maana mabondeni Pwani unaweza kukuta finyanzi hatua hamsini tu kutoka kwenye kichanga.

Tuta la kuzama ninavyolichimba mimi: upana mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani, na urefu mita 10. Ule udongo wa juu wenye rangi nyeusi, kama sentimita 15, nauchota kwa chepe na kuuweka upande mmoja. Huo ndio mali yako, usiuchanganye na mchanga mweupe wa chini. Mchanga wa chini nautifua kwa jembe palepale ulipo, kisha sehemu yake nauchota na kuusogeza kwenye njia ili ziinuke. Halafu narudisha ule mweusi nikiwa nimeuchanganya na samadi, debe moja kwa kila mita ya mraba. Kwa tuta hilo ni madebe 10. Ni mengi, najua, na kuyasomba kwa toroli kunaumiza mgongo, lakini kichanga bila samadi ni chujio tu. Msimu unaofuata nusu yake inatosha. Ukimaliza, uso wa tuta uwe chini ya njia kwa sentimita 5 hadi 10.

Halafu usipande. Mwagilia, liache siku kumi hadi kumi na nne. Magugu yote yaliyokuwa yanasubiri yataota, uyaparue juu juu bila kutifua tena. Ndago peke yake ndiyo ya kung'oa na punje yake chini, kwa mkono, moja moja. Ukiikatakata kwa jembe unaitawanya.

Masika ikikaribia, geuza. Hili wengi wanalisahau na linawatia hasara kubwa kuliko kiangazi. Tuta la kuzama mwezi wa nne ni bwawa. Mimi ikifika katikati ya Februari, tuta likivunwa, nachota udongo wa njia naurudisha juu yake hadi liinuke sentimita 15 hivi, na njia inakuwa mfereji. Kama shamba lina mteremko, hata mdogo, matuta yalale kukinga mteremko, yasiufuate, la sivyo mvua ya kwanza inaondoka na samadi yako yote.

Tuje kwenye samadi, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu naamini ndiyo iliyoua miche yako. Uliandika kwamba uliinunua kwenye banda la kuku wa nyama, viroba 40, na ukaichanganya siku hiyo hiyo. Hiyo imejaa kinyesi kibichi na maranda. Kinyesi kibichi cha kuku kina chumvi na amonia ya kuunguza mizizi. Maranda nayo yanapoanza kuoza, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni iliyopo kwenye udongo, miche inageuka njano. Ukiona njano hiyo unadhani njaa, unaongeza urea, unaunguza mara ya pili. Ng'oa mche mmoja uoshe mizizi. Ikiwa ncha zake zimekuwa kahawia na zinakatika ukizigusa, basi ndilo hilo.

Irundike samadi chini ya kivuli, changanya na nyasi kavu au majani ya mwembe, ilowanishe hadi ukiikamua kwenye ngumi ibaki na unyevu lakini isichuruzike. Funika kwa makuti. Geuza kila wiki, wiki sita hadi nane. Kila unapotaka kujua imefikia wapi, chomeka fito katikati ya rundo hadi chini, iache dakika kumi, ichomoe uishike kwa kiganja. Wiki ya kwanza hutaweza kuishikilia, ina moto na harufu inapanda machoni. Fito ikitoka na joto kama la udongo wa kawaida, rundo linanuka kama ardhi baada ya mvua na maranda yamekuwa meusi yanayovunjika, imeiva. Majivu usiyachanganye humo ikiwa bado mbichi, yanaifukuza amonia hewani na naitrojeni inapotea. Samadi ya mbuzi ni pole zaidi, lakini nayo naiozesha, maana inabeba mbegu za magugu.

Kuhusu ukubwa, mkuu, nusu eka yote usiilime sasa. Piga hesabu ya maji kwanza. Kwa jua la Pwani, mita moja ya mraba inataka lita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta moja la mita 10 ni lita 40 hadi 50, yaani keni nne au tano za lita 10, nusu asubuhi na nusu jioni. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Ukitoa njia unabaki na takriban 1,300, ambazo zinataka lita zaidi ya 5,000 kila siku. Kwa kisima cha kuchota kwa kamba hiyo haiwezekani, na mboga ikikosa maji siku mbili mwezi wa kwanza hairudi. Anza na matuta 10, ujue kisima kinajaa tena baada ya muda gani.

Kupanda nitapita haraka. Mchicha sia moja kwa moja, mistari ya sentimita 20, mbegu ukizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, funika na udongo mwembamba sana na nyasi juu. Angalia sisimizi, wanazibeba mbegu zote usiku mmoja. Ikichomoza toa nyasi mara moja, jioni. Miche ya kitaluni ipunguzie maji wiki moja kabla ya kuihamisha ili izoee, kisha siku yenyewe iloweshe vizuri ndipo uing'oe na udongo wake. Hamisha kuanzia saa kumi na moja jioni, chainizi sentimita 30 kwa 30, nyanya 60 kwa 50, na uikinge kwa makuti siku nne za kwanza. Matandazo weka, lakini yasiguse shina, kwa sababu nyasi kavu zinaita mchwa.

Jambo la mwisho la kuangalia unapong'oa hiyo miche: ukikuta mizizi ina vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na kichanga kinaipenda sana. Hapo usirudishe nyanya, bamia wala bilinganya. Sia marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha shamba, yale yaliyoenezwa na wamonaki wa Peramiho kule Songea. Yanaipunguza minyoo hiyo na kurutubisha udongo. Yaache hadi yaanze kutoa maua, yakate uyafukie, subiri wiki tatu ndipo upande.

Miche iliyobaki hai ipe maji safi mengi leo na kesho ili chumvi iteremke, usiweke kitu kingine. Ukishapima shimo la maji na kuosha mizizi, weka picha hapa pamoja na kina cha kisima chako, nitakuambia kama kisima hicho kitayatosha hayo matuta 10 au uyapunguze.