Mapezi ya Cadillac yalikuwa na kazi gani?
Ndugu, umeuliza kama mapezi makubwa ya Cadillac ya 1959, yaani zile bapa zilizosimama nyuma ya gari hilo la kifahari la General Motors kama mapezi ya samaki, yalisaidia chochote barabarani. Kazi yake hasa ilikuwa sokoni. Harley Earl, mkuu wa usanifu wa kampuni hiyo ya General Motors, alivutiwa na mikia miwili ya ndege ya kivita ya P-38, na Cadillac ya 1948 ikatoka na vipezi vidogo vilivyobeba taa za nyuma. Kwa kuwa kampuni hiyo ilibadili sura za magari yake karibu kila mwaka, ili mwenye gari la mwaka jana atamani jipya, mapezi nayo yakazidi kurefuka. Aliyechochea zaidi mbio hizo za mapezi ni Virgil Exner, msanifu wa kampuni shindani ya Chrysler, ambaye magari yake ya 1957 yaliwashtua wasanifu wa General Motors hata wakaiacha michoro yao na kuanza upya. Ndipo ikazaliwa Cadillac ya 1959: ukilitazama pezi lake kwa karibu, utaona taa mbili nyekundu, zilizochongoka kama risasi, zimechomoza katikati yake. Mimi naipenda zaidi ile ya 1948, kwa sababu pezi lake linaonekana limeota kutoka kwenye bodi yenyewe.